Mtu Aliyetaja Jina Lake Polepole

Siku ile ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Ni zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni, na kila asubuhi nikinywa chai tunatazamana, mimi na yeye, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kitu.

Mkaniomba pia niandike machache kuhusu kazi, ili nyinyi mnaobaki msome. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kusema. Nitaandika kuhusu kusikiliza, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya, ingawa marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumbani sikuwahi kufanya mazoezi.

Kituo chetu kilikuwa kilimani upande wa Riat, juu ya mji wa Kisumu. Ukisimama nje unaona ziwa hadi macho yachoke, na ukiingia ndani huoni kitu, kwa sababu madirisha yalizibwa kwa mbao ili jua lisichome mitambo. Wako watu wa mjini ambao hadi leo wanaamini tulikuwa tunasikiliza simu zao. Hakuna aliyekuwa na shida na simu zao. Kazi yetu ilikuwa mawimbi ya redio. Kila anayeyarusha, iwe ni meli, ndege, misheni au mtu binafsi mwenye leseni, ana jina lake la hewani, herufi na tarakimu alizopewa na serikali. Za mwanzo ni za nchi, za mwisho ni zake peke yake. Sheria ni moja na mtoto anaweza kuielewa: usiseme kitu hewani bila kutaja jina lako. Sisi tulikaa pale kuhakikisha kila mtu ametaja.

Siku yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilivaa viatu vya visigino. Mzee Ogutu, ambaye alipewa kazi ya kunifundisha, alivitazama, akatazama ngazi ya chuma ya mlingoti wa antena, kisha akavitazama tena. Kesho yake nilikuja na raba.

Mzee Ogutu alikuwa ameendesha redio kwenye meli za ziwa kabla ya kuletwa kilimani. Alikuwa mrefu na mkimya, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu hata katika joto la Januari. Kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu tunayoiita nukta na mistari, hakukuwa na mkono wa kasi kama wake pande zote za ziwa. Alinivisha hedfoni, akageuza kitasa kimoja cha redio, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliniuliza nimesikia nini. Nikasema kelele. Akauliza ndani ya kelele kulikuwa na nini. Nikasema kelele nyingine. Akazichukua hedfoni, akasikiliza kidogo, akaniambia mle ndani mlikuwa na meli mbili, misheni moja, na mtu wa Bukoba anayelalamikia betri yake. Akanirudishia, akaenda kumalizia chai. Nilikaa hivyo wiki nzima. Siku nilipomsikia mtu wa Bukoba kwa masikio yangu mwenyewe nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na nikafanya kosa la kumwambia mume wangu hivyo.

Somo lake la pili lilikuwa kuhusu mkono. Aliniambia hivi: "Herufi ni za kila mtu, nyara. Mkono ni wa mtu mmoja." Nyara kwetu ni binti yangu. Alimaanisha kwamba hakuna watu wawili wanaopiga Morse sawa, na kwamba ukikaa sana kazini utamjua mtu kabla hajataja jina. Ilikuwa kweli. Mwenzake wa kila siku alikuwa mtu mmoja wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania, aitwaye Rajabu. Walipashana habari za meli na hali ya hewa kwa miaka mingi bila kuonana uso kwa uso hata siku moja. Nukta za Rajabu zilikuwa fupi mno, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Mzee Ogutu naye alikuwa na tabia moja: jina lake la hewani liliishia na herufi K, yaani mstari, nukta, mstari, na ule mstari wa mwisho aliuvuta mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza hadi njiani.

Vifaa vyetu mngevicheka. Redio yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo, na asubuhi ilihitaji muda wa kupata joto kabla ya kukubali kazi. Adui yake mkubwa alikuwa sami, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Waliingia kwenye matundu ya hewa na kuungua juu ya vali, zile taa za kioo za ndani ya redio. Kuna watu kandokando ya ziwa wanaowakaanga na kuwala. Sisi tuliwakaanga bila kupanga, na harufu yao ilikaa kwenye nywele zangu hadi Jumapili kanisani.

Utaratibu wetu ulikuwa zamu ya dakika tatu. Unasikiliza sehemu moja ya masafa kwa dakika tatu, unaandika, unasogea mbele. Ukizidi hapo, alisema mkubwa wetu wa kwanza, umeacha kazi na kuanza kusikiliza hadithi. Na ulichoandika kilikuwa neno moja kati ya matatu: amejitambulisha, hakujitambulisha, au mashine. Mashine ni kelele yoyote ya umeme isiyo na mtu nyuma yake, na ilikuwa nyingi. Kuna mvumo uliotusumbua majuma kadhaa, tukaufuata hadi Awasi, tukakuta ni kinu cha kusaga unga. Mwenyewe alitwambia hajawahi kumiliki redio maishani mwake. Tukamwambia tunajua. Akauliza basi kosa lake ni nini. Tukamwambia anasikika hadi Kisumu. Mtu yule alifurahi sana, akatupa unga.

Kesi nyingine iliyonipa shida ilikuwa Dunga, ufuo wa wavuvi karibu na mji. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamepata redio za mkononi, sijui kutoka wapi, wakawa wanaulizana bei ya ngege, samaki anayependwa kwetu, kutoka ufuoni hadi sokoni. Bila leseni, bila jina. Niliingia kwenye masafa yao nikamwamuru aliyekuwa akisema ajitambulishe. Akajibu, "Ni mimi." Nikauliza wewe nani. Akasema, "Si ni mimi." Sauti nyingine ikadakia kumtetea: ni yeye kweli, anamjua. Niliandika hakujitambulisha, ingawa ufuo mzima ulimtambua.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mbali na kazi ya serikali, Mzee Ogutu alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila biashara. Hawakuwa wengi: daktari wa misheni, mwalimu mmoja, mwenye duka la vipuri, na yeye. Rajabu naye alikuwa nayo kwao. Hao watu wa ridhaa wana adabu zao. Ukimwita mwenzako unataja kwanza jina lake, halafu lako. Unalitaja mwanzoni, unalitaja mwishoni, na sheria ya siku zile ilitaka ulirudie kila baada ya dakika kumi. Wenye mtambo dhaifu, ambao sauti yao inazama ndani ya kelele, wana mbinu nyingine: wanapiga polepole sana. Nukta moja inachukua muda wa kuvuta pumzi na kuishusha, mstari mara tatu ya hapo. Kilicho dhaifu kikidumu, kinaonekana. Na kwa kuwa jina zima kwa mwendo huo ni safari, wengi wao hutaja herufi mbili za mwisho tu na kuzirudia. Nyinyi mnayaona haya kwenye skrini, mistari inashuka mbele yenu mkinywa soda. Sisi tulikuwa na masikio na dakika tatu.

Mzee Ogutu alistaafu akarudi kwao Luanda Kotieno, pale ambapo feri huvuka kwenda Mbita. Nilikipata kiti chake. Sikuupata ukimya wake.

Katikati ya miaka ya tisini, Jumamosi asubuhi, ukaanza kusikika mlio mwembamba kwenye masafa ya watu wa ridhaa. Ulikuja, ukakaa, ukakatika, ukakaa kimya, ukarudi. Katika dakika tatu ulisikia milio michache tu isiyokuambia kitu. Tuliandika mashine. Mmoja wetu alisema ni friji ya samaki. Mimi nilisema ni pampu ya maji, nikaitetea pampu yangu mbele ya watu. Hakuna hata mmoja wetu, na masikio yetu yote, aliyefikiria kwamba anasikia katikati ya herufi.

Kisha mtu wa ridhaa wa Nairobi akalalamika kwamba kuna kitu kisicho na jina kinakalia masafa yake kila Jumamosi. Serikali ya siku zile haikupenda sauti isiyo na jina. Makao makuu wakaagiza: mtambo utafutwe, uondolewe, na kama mwenyewe ana leseni, anyang'anywe wala asipewe tena.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mtu wa haki, ambaye hakuanza safari yoyote kabla ya kujua tutakula wapi. Tulichukua Land Rover yenye antena ya duara juu, ile unayoizungusha hadi mlio ufifie, ukajua umetoka upande gani. Jumamosi moja tulipima kutoka Dunga, iliyofuata kutoka Kendu Bay. Niliichora mistari miwili kwenye ramani mimi mwenyewe. Ilikutana Luanda Kotieno. Huko kulikuwa na leseni moja tu. Niliogopa, nasema wazi. Bwana Mutiso aliniuliza kama namjua mwenyewe, nikamwambia ndiye aliyenifundisha kazi. Akakunja ramani, akasema, "Basi utakuja, ili tusimwonee." Halafu akauliza kama Luanda Kotieno kuna samaki.

Tulimkuta Mzee Ogutu barazani kwake, meza mbele yake, mtambo umo ndani ya mkebe wa biskuti, waya umevutwa hadi nguzo ya ua. Mkono mmoja ulikuwa umekandamiza kibonyezo cha Morse. Wa pili akauinua, kututaka tungoje. Tukasimama uani. Mkewe, Mama Perpetua, alitoka akatusalimia, akatuletea viti, akaingia ndani kupika chai, na Mzee bado alikuwa kwenye mlio uleule. Alipouachia ndipo akanitazama.

"Nyara, umekuja kunisalimia au kunikamata?"

Nikamwambia nimekuja na Bwana Mutiso.

"Basi ni kukamatwa. Kaeni kwanza."

Bwana Mutiso alimweleza agizo bila kulipamba. Mzee Ogutu akasema hajawahi kurusha chochote bila kujitambulisha, kwa hakika karibu kila anachorusha ni jina lake tu. Bwana Mutiso akamwomba alitaje, lote, kama alivyozoea, kisha akavua saa yake akaiweka mezani. Mzee akaanza. Alipiga nukta akapumua, akapiga mstari. Chai ikaja. Tukanywa. Kuku wakapita, wakarudi. Dakika kumi zilipotimia Mzee alikuwa ametoka kwenye herufi za nchi na anaingia kwenye zake mwenyewe. Bwana Mutiso akamwonyesha saa, akamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba muda wa sheria umekwisha.

"Sijavunja sheria," Mzee Ogutu akasema. "Nilikuwa natii. Nyinyi mmenikuta sijamaliza kutii."

Nilimuuliza kwa nini apige hivyo, yeye ambaye mkono wake tuliuogopa. Alitazama meza. Akasema Rajabu hasikii tena. Miaka ya hedfoni ilikuwa imemla masikio, la kulia kwanza, halafu la pili, hadi hakubaki na kitu. Lakini alikuwa amejitengenezea mita yenye mshale, ameiunga kwenye redio yake: mlio ukiingia, mshale unapanda, ukikatika, unashuka. Rajabu alikaa Mwanza anautazama. Ukipiga haraka mshale unatetemeka tu, hausomeki. Ukipiga polepole anasoma kila nukta. Yeye Rajabu akijibu hupiga haraka, kwa kuwa Ogutu bado anasikia. Ndivyo walivyokuwa wakiongea kila Jumamosi, mmoja kwa sikio, mmoja kwa jicho.

Bwana Mutiso aliuliza kwa nini wasiandikiane barua. Mzee akasema barua husomwa na nyumba nzima, lakini hewani wako wawili tu. Kisha akatutazama, akaongeza, "Na serikali." Bwana Mutiso akauliza wanaambiana nini. Mzee akasema majina. Siku ikiwa nzuri, na mvua.

Nilijua nikimnyang'anya ule mkebe wa biskuti nitakuwa nimemziba Rajabu na macho pia. Nilishikwa na hasira, sijui kwa nani. Bwana Mutiso alikuna kidevu, halafu akatoa wazo ambalo lilikuwa la haki kabisa. Mzee alitaje jina lote kwa haraka kwanza, kwa ajili ya sheria, na alirudie kila baada ya dakika kumi na mwishoni. Katikati apige polepole kwa ajili ya rafiki yake, hata akitaka herufi mbili tu. Lakini lazima ile ya haraka isomeke. Alitaje sasa, tusikie.

Mzee Ogutu hakugusa kibonyezo. Aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza tuuone. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na vimepinda, na vilitetemeka hata vikiwa vimelala. Yale mapigo ya polepole, akaniambia baadaye, yalimfaa na yeye pia.

Alipiga. Ilitoka milio iliyogongana. Bwana Mutiso alitikisa kichwa. Akapiga tena, ikawa mbaya zaidi, na Mama Perpetua akaingia ndani asione. Mara ya tatu alifungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akapiga mfululizo hadi mwisho. Nukta zilikuwa zimezidi mahali, pengine zimepungua. Na mwisho kabisa mstari mmoja, mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Awuor," Bwana Mutiso akaniambia, "mimi sikusoma kitu. Wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Lote?"

"Lote."

Hadi leo sijui kama nililisoma au nililitambua, na sijui kama kuna tofauti. Bwana Mutiso alinitazama kitambo. Kisha akavaa saa yake, akasema afisa wa serikali amesoma jina na yeye hana la kuongeza, na akaomba aonyeshwe mahali pa kunawa mikono, maana harufu ya samaki ilikuwa imeshatufikia.

Wakati wa kuondoka Mzee Ogutu alitusindikiza. Hakuishia langoni, alikuja hadi njia ya feri. Huko ndiko alikoniambia ninakamata watu kwa mchezo ambao sijawahi kuucheza. Nikakasirika, nikafanya mtihani wa ridhaa, nikapata leseni na jina langu mwenyewe. Nililitumia mara chache. Mtu anayesikiliza siku nzima hana hamu ya kusema jioni. Lakini jina nilikuwa nalo.

Mzee Ogutu aliugua kidogo tu, akafa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kwetu maziko mengi huwa Jumamosi. Nilifika Luanda Kotieno Ijumaa na kulala pale na wanawake wengine. Asubuhi hema zilikuwa zimesimama, watu wanaingia kwa makundi, na kijana wa vipaza sauti amewasha jenereta na nyimbo. Nilikuwa nakata sukuma wiki Mama Perpetua aliponiita kando.

"Saa yake imefika," alisema. "Yule wa Mwanza ataita. Hakuna mtu amemwambia."

Tuliingia chumba cha mtambo, maana baraza lilikuwa limejaa wageni. Nikawasha. Sikusikia kitu isipokuwa jenereta, inakwaruza masafa yote. Nikatoka nikamwambia yule kijana aizime. Akasema mazishi bila muziki watu watasema nini. Nikatoa kitambulisho changu cha kazi, nikamsomea sheria ya kuharibu mawimbi, kati ya sufuria za wali. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumshitaki mtu matangani. Akaizima. Kwaya ikaanza kuimba kwa midomo yao, na ilikuwa bora.

Niliporudi Rajabu alikuwa hewani. Nukta zake zilikuwa zilezile, za mchanga wa moto. Alitaja jina la Ogutu, akataja lake, akangoja. Akarudia, akangoja. Mama Perpetua alikuwa ameketi karibu nami, ameshika upande mmoja wa hedfoni sikioni. Morse hakuijua, lakini kungoja alikujua.

"Mjibu," akaniambia. "Bonyeza polepole vile mzee alikuwa anabonyeza. Hizo herufi zake mbili. Si anaangalia tu hiyo mshale? Atajua aje?"

Nilitamani. Niseme ukweli, nilitamani sana. Mkono wangu ungeweza. Hata ule mstari wa mwisho ningeweza kuuvuta, na mzee wa watu ng'ambo ya ziwa angekunywa chai yake kwa amani, Jumamosi hiyo na nyingine na nyingine, kwa muda wote ambao mimi ningekuwa tayari kuja.

"Mama, hewani mtu hatumii jina la mwingine."

"Hata kwa wema?"

"Hata kwa wema."

Hakukasirika. Aliitazama kanga yake, akainyoosha magotini. "Basi taja lako," alisema.

Nikataja. Kwanza jina la Rajabu, herufi mbili, kisha langu, lote, kwa mwendo wa kupumua. Nilijua anauona mshale unapanda na kushuka na kuandika jina ambalo hajawahi kulisoma Jumamosi yoyote. Kisha nikaanza ujumbe. Katika kazi yetu kila neno hukatwa. Tuna vifupisho vya kila kitu, na vya kifo pia. Sikuvitumia. Nilituma neno moja zima, ametutoka. Ilichukua muda. Mchungaji alimtuma mtu kuuliza kama ibada inaweza kuanza. Nikamjibu bila kuachia kibonyezo kwamba bado tuko kwenye herufi O. Yule mtu akaenda kumwambia mchungaji hivyo, na mchungaji, Mungu ambariki, akangoja.

Nilimaliza. Kukawa kimya kirefu hadi nikadhani Rajabu amezima.

Kisha mlio ukaja, na haukuwa mwendo wake. Rajabu, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kupiga polepole kwa mtu mwenye masikio, alipiga nukta moja na kuiacha ikae. Akapumua. Akapiga nyingine. Zilikuwa herufi za nchi, za nchi yetu, si yake. Nikajua anataja jina la nani, na kwamba analitaja lote tangu mwanzo, jambo ambalo watu wa ishara dhaifu hawalifanyi. Nilishindwa kuzuia machozi, wala sikujaribu sana. Kwaya ilimaliza wimbo mmoja ikaanza mwingine. Alipofika kwenye K akapiga mstari, akapiga nukta, kisha mstari wa mwisho akaushika. Ukakaa. Ukaendelea kukaa. Mama Perpetua aliniuliza kama mtambo umekwama.

Nikamwambia hapana, anamsindikiza.

Ulipokatika tulingoja ataje jina lake mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Hakulitaja. Alizima tu. Nikafunga mkebe wa biskuti, tukatoka, mchungaji akaanza.

Jumatatu nilipofika kituoni, mwenzangu aliyekuwa zamu ya Jumamosi alikuwa anamalizia ripoti. Aliniambia katika dakika zake tatu alisikia mlio mmoja mrefu ajabu kwenye masafa ya ridhaa, hakuna jina mbele yake wala nyuma yake, akauliza aandike nini. Mashine?

Nikamwambia aandike amejitambulisha.